Kovu la Shavu la Kushoto

Siku ile ilikuwa Jumatano, na niliamka nikiwa na mashuka kumi na mawili ya nyumba ya wageni yanayosubiri pasi. Naanza na mashuka kwa sababu ndicho kitu pekee cha siku ile ninachoweza kukiapia bado. Niliyanyoosha, nikayakunja, jioni mwenyewe akaja kuyachukua. Mengine yote ya siku ile niliyaapia pia, tena mbele ya hakimu, na ndiyo maana nayasimulia leo.

Tulikuwa tunaishi wawili, mimi na kaka yangu. Yeye kinyozi, mimi dobi. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba vitatu vilivyofuatana: cha mbele cha kunyolea, cha kati alilala yeye, cha nyuma nililala mimi na pasi yangu. Mume wangu alikufa mapema, mke wa Kaka aliondoka mapema zaidi, na hakuna kati yetu aliyezoea kuzungumza habari hizo. Mimi watu waliniita Dada Pasi. Yeye walimwita Kinyozi, basi, maana mtaa mzima ulikuwa na mmoja.

Ukutani kulikuwa na kioo kimoja kikubwa, na mbele yake kiti kimoja. Kaka alikuwa na tabia ya vinyozi wote: hakuzungumza na mteja, alizungumza na kioo. Alisimama nyuma ya kiti, wembe mkononi, na maneno yote, ya msiba, ya mpira, ya kumsema jirani, yalipitia mle kiooni. Nimewahi kumwona akibishana na mtu nusu saa nzima bila kumtazama usoni hata mara moja. Lakini sura hakusahau. Mtu angepotea miaka mitano, siku akirudi Kaka anamwambia, "Wewe mara ya mwisho nilikunyoa siku ya kumzika baba yako." Na ikawa kweli. Hilo lilimpa kiburi, na sisi wengine lilitupa uvivu. Mtaani mtu akibishiwa jambo, aliambiwa nenda kamuulize Kinyozi.

Mteja wake mmoja wa kudumu alikuwa Fundi Saa, mwenye kibanda pale kwenye kona. Mwanaume mrefu, mpole, wa maneno machache. Alikuwa na kovu shavuni, urefu wa kidole gumba, alilolipata enzi za kujifunza kazi, spiringi ya saa ya ukutani ilipomrukia. Alivaa koti la kazi la kijivu, mfuko wa kifuani umejaa bisibisi ndogondogo. Koti hilo nililifua mimi kila Ijumaa kwa miaka mitatu. Kila Ijumaa nilikuta bisibisi mbili amezisahau mfukoni, na kila Ijumaa alizifuata mwenyewe, akakaa kwenye kigoda changu, akanywa maji polepole kama mtu anayekunywa dawa. Mimi si mtoto. Nilijua hasahau.

Miezi miwili kabla ya Jumatano ile alimwendea Kaka, akiwa amekaa kwenye kiti na povu kidevuni, akamwambia anataka kuniposa. Kaka akamkazia macho kiooni. Akasema, "Tutaongea." Hawakuongea.

Alasiri ya siku ile mvua ilishuka, ile mvua ya kuziba macho, na umeme ukakatika. Nilikimbilia uani kuanua nguo. Kaka alikuwa peke yake mbele, hana mteja, amekaa kwenye kiti chake mwenyewe anatazama barabara. Mvua ilipopungua, tukasikia ukelele upande wa pili. Bibi wa Duka, mjane mzee aliyekuwa akituuzia sabuni na mkaa, alikutwa chini nyuma ya meza yake, kichwa kimepasuka. Alifariki kabla hajafikishwa hospitali.

Mlango wa duka na mlango wetu ilitazamana, kwa hiyo wa kwanza kuulizwa alikuwa Kaka. Nilikuwa nimesimama karibu yake, taulo mkononi. Alisema, "Nimeona mtu akitoka. Mwanaume. Ameinama kukwepa mvua."

"Mtu gani?" watu wakauliza.

"Mrefu. Amevaa koti."

Hayo ndiyo aliyosema kwanza. Nayakumbuka hivyo, ingawa sasa kumbukumbu yangu haina thamani hata ya senti moja. Jua lilipozama alikuwa anawaambia watu kwamba yule mtu alikuwa mrefu, tuseme kama Fundi Saa. Kesho yake asubuhi neno "kama" lilikuwa limeshadondoka njiani. Ijumaa, polisi walipoandika maelezo yake, alisema alitazamana naye uso kwa uso, maji yanamchuruzika, kovu lake lile kwenye shavu la kushoto, bisibisi zimejaa mfuko wa kifua cha kulia, na yule mtu akatazama chini kwa aibu. Kila aliyekuja kuuliza aliondoka na kipande cha habari, na aliyefuata akakikuta kimekua.

Nataka hili lieleweke, maana watu humsema vibaya. Kaka yangu hakusema uongo. Uongo una mwenye kuutunga, naye anajua alipouficha. Kaka aliyaona yale aliyoyasema, usiku aliyaota, na chakula kikamshinda. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Na mimi? Mimi nilikuwa uani. Nilijua hivyo Jumatano, na Alhamisi nilijua. Lakini habari ile niliisikia mara kumi, mara ishirini, kupitia pazia la chumba cha kati, na siku ya tatu, nikiwa napiga pasi, nikakumbuka kwamba nilipita mlango wa mbele na kikapu changu cha nguo. Nikakumbuka kutupa jicho nje. Na palepale kwenye mvua alikuwepo. Kovu shavu la kushoto. Akanitazama. Niliweka pasi chini nikalia, kwa sababu nilikuwa nampenda, na kwa sababu nilikuwa na hakika.

Mahakamani Fundi Saa alisema alikuwa kibandani peke yake, akisubiri mvua ikatike. Hakuwa na wa kumshuhudia. Kaka alisimama akaeleza yote bila kukwama hata mahali pamoja. Kisha nikaitwa mimi. Mwendesha mashtaka akaniuliza, "Una hakika ni huyu?"

Nikajibu, "Kama ninavyokuona wewe."

Alifungwa maisha. Alipopitishwa mbele yangu hakunitukana, hakulia. Alinitazama kama alivyokuwa akitazama saa iliyosimama, akitafuta ilipoanzia kuharibika.

Baada ya hapo Kaka alipata jina jipya. Walimwita Shahidi. Mwanzoni lilimpendeza. Kibanda cha kona kilifungwa kwa kufuli, kufuli likashika kutu. Ijumaa zilikuja kama kawaida, nami nilifua nguo za watu wengine, na hakuna aliyekaa kwenye kigoda. Miaka minne ilipita hivyo. Ukiniuliza ilikuwaje, nitakwambia ilikuwa mirefu na haina kitu ndani.

Mwaka wa nne, siku ya Jumanne, alasiri, jua kali la kupasua kichwa, nilimsikia Kaka akiniita kutoka mbele. Sauti ilikuwa ndogo sana.

"Dada. Njoo. Usikimbie."

Nilimkuta amesimama nyuma ya kiti, hakuna mteja. Alikuwa anatazama nje. Duka la marehemu lilikuwa limefungwa tangu siku ile, na mbele ya mlango wake alisimama mwanaume mrefu mwenye koti la kijivu.

Alikuwa amelowa chapachapa. Maji yalimtoka nyweleni, yakashuka usoni, yakadondoka vumbini. Mfuko wa kifua cha kulia ulijaa bisibisi. Kovu lilikuwa shavu la kushoto.

"Ametoroka," Kaka alinong'ona.

Watu walikuwa wanapita. Hakuna aliyegeuka. Mama mmoja mwenye ndoo alipita karibu naye kabisa, akajikunja bega kama aliyepigwa na ubaridi, akaendelea na safari yake. Nilipopepesa macho, hakuwepo. Nikavuka barabara. Vumbi lote lilikuwa kavu, isipokuwa mahali pa nyayo mbili.

Jumatano alikuja saa ileile. Alisimama katikati ya barabara.

Alhamisi alikuwa kwenye kizingiti chetu. Hakuwa na hasira usoni, na ningependa angekuwa nayo. Alikuwa na uso wa mgeni anayesubiri kukaribishwa. Kaka alifunga mlango, tukarudi chumba cha nyuma, tukakaa kitandani kwangu kama watoto. Tuliyasikia maji yakidondoka mlangoni. Tone. Tone. Kisha yakadondokea ndani ya mlango.

"Amekufa huko gerezani," Kaka alisema. "Ndiyo maana anakuja."

Ijumaa asubuhi nilikwenda kuuliza. Sikuwahi kufika gerezani hata mara moja, kwa miaka minne, na aibu yangu ilikuwa kubwa kuliko hofu. Nilitegemea askari angefungua kitabu, aniambie pole, mtu wako tulishamzika. Askari aliita jina kwa sauti, na baada ya muda Fundi Saa akatoka, akitembea kwa miguu yake.

Amekonda, nywele zimeingia mvi. Tukakaa, wavu katikati.

"Nilidhani utakuja," alisema.

"Nimekuja."

"Nilidhani mapema."

Nikashika wavu kwa vidole. Akatabasamu kidogo, kunisaidia, na tabasamu likavuta lile kovu. Lilikuwa shavu la kulia.

Nilidhani nimechanganya. Nikainua mkono wangu wa kulia, nikauelekeza kwake, nikahesabu kama mtoto wa darasa la kwanza. Shavu lake la kulia.

"Kovu lako," nikasema. "Lilikuwa upande gani?"

"Tangu lini kovu likahama, Dada Pasi?"

"Na koti. Mfuko ulikuwa upande gani?"

"Si wewe uliyekuwa unalifua?"

Ni mimi. Mfuko ulikuwa kushoto, kama makoti yote ya kiume ninayoyafua mpaka leo. Niliupiga pasi mfuko ule Ijumaa baada ya Ijumaa, naujua ulivyo na uzi uliofumuka kwenye pembe. Lakini katika picha niliyokuwa nayo kichwani, ile ya mvua, ile niliyoiapia, mfuko uko kulia na kovu liko kushoto. Mtu wa namna hiyo hakuwahi kuwepo duniani. Na hakimu? Hakimu aliambiwa kovu la kushoto, akainua macho, akaliona upande wa mkono wake wa kushoto, akaandika. Mtu akikuelekea, kushoto kwako ni kulia kwake. Chumba kizima cha wasomi, hakuna aliyelikumbuka hilo.

Nilikuwa nimefika nusu ya njia ya kurudi nilipojua Kaka alikomwona mtu yule. Kuna mahali pamoja tu ambapo kovu la Fundi Saa liko kushoto na mfuko wake uko kulia. Ni ndani ya kioo cha kinyozi. Kaka alikuwa amemtazama mle kwa miaka, mara mbili kila mwezi, na siku ya mvua alipoona mtu mrefu mwenye koti, asiye na uso, akachukua uso aliokuwa nao karibu akambandika. Akaniazimisha na mimi.

Nilipofika nilimweleza. Alikasirika, ikawa kama nimemvua nguo hadharani.

"Macho yangu hayajawahi kunidanganya," alisema. "Kovu lake ni la kushoto. Nimemnyoa miaka yote hiyo, wewe unaniambia nini?"

"Basi mnyoe sasa," nikamwambia. "Simama nyuma ya kiti. Fumba macho. Mkono wako umnyoe."

Alinicheka kwa dharau, lakini akasimama. Akafumba macho. Akainua mkono kana kwamba umeshika wembe, akaanza. Shavu la kushoto mkono ulishuka moja kwa moja, laini, bila kusita. Kidevu. Chini ya pua. Kisha ukahamia shavu la kulia, ukashuka kidogo, ukapunguza mwendo. Ukasimama. Vidole viwili vya mkono mwingine vikaja vyenyewe kuivuta ngozi isiyokuwepo, na wembe usiokuwepo ukapita taratibu sana, kwa kuzunguka, kama unavyopita penye kovu.

Kaka akafumbua macho. Mkono ulikuwa bado hewani, upande wa kulia. Aliutazama muda mrefu.

"Mungu wangu," alisema. "Nimefanya nini."

Nikasogea nimshike bega, na hapo nikasikia tone la maji.

Ilikuwa alasiri, mlango uko wazi, jua limeingia mpaka katikati ya chumba. Yule mtu alikuwa ameshaketi kwenye kiti. Sikumwona akiingia. Maji yalitiririka kwenye miguu ya kiti na kuenea sakafuni, na hayakuwa na harufu yoyote, hata ya mvua. Kaka alikuwa nyuma yake, mahali pake pa siku zote. Hakugeuka. Macho yake yakaenda kwenye kioo, kwa mazoea. Yangu pia.

Kiooni kovu lilikuwa kulia. Kiooni alikuwa Fundi Saa kamili, yule niliyemwacha gerezani asubuhi ile, ila hana mvi hata moja, na kijana zaidi. Yule wa kwenye kiti ndiye aliyegeuzwa.

"Wewe ni nani?" Kaka alinong'ona.

Midomo ikasogea. Sauti ilikuja baadaye kidogo.

"Ni mimi uliyemwona."

"Sikukuona."

"Uliniona. Uliapa."

Tone. Tone.

Kaka akasema, "Kuna mtu amefungwa kwa ajili yako. Kesho nakwenda kusema sikukuona."

Yule mtu hakuinuka. Hakufoka. Aliinamisha kichwa, kama wateja wanavyofanya ukiwaambia umemaliza. Nikaona mabega yake yanatikisika.

"Ukinikana," alisema, "nitakaa na nani?"

Sikuwa nimewahi kusikia swali la upweke kama lile, na mimi upweke naujua. Kaka alianza kulia. Alipojifuta macho, kiti kilikuwa kitupu na kimelowa.

Alikwenda kweli. Tulipata wakili wa wafungwa, mama mmoja mkavu wa maneno, akatuambia mmoja hatoshi. Ushahidi ulikuwa wa watu wawili, na sharti wote wawili warudi mahakamani. Akatuonya pia kwamba tunaweza kushtakiwa sisi. Kaka akasema afadhali. Ilichukua miezi saba, na miezi yote saba yule mtu hakuja. Siku ya kesi Kaka alisimama mbele ya majaji, mzee ghafla, shati limempwaya.

"Nilimwona mtu," alisema. "Uso nilimpa mimi."

Kisha wakanigeukia mimi. "Na wewe ulimwona mshtakiwa?"

Fundi Saa alikuwa kizimbani, hanitazami. Nilizungusha macho ukumbini nijipe nguvu. Nyuma kabisa, karibu na mlango, alisimama yule mwingine. Maji yalimchuruzika. Watu waliokaa karibu naye walikuwa wamejifunika vizuri zaidi kuliko wenzao. Alinitazama mimi, si Kaka. Alikuwa anasubiri.

Na ndani ya kichwa changu alikuwa wazi kuliko siku zote. Mvua, kikapu kiunoni, jicho nimetupa nje, na yeye. Ningeweza kuhesabu bisibisi zake.

"Sikumwona," nikasema. "Nilikuwa uani."

Yalikuwa maneno ya kweli, na kinywani yalikuwa na ladha ya uongo. Nilipotazama tena nyuma hakuwepo mtu.

Fundi Saa alitoka mwezi uliofuata. Nilijua atakuja, hata kama ni kwa kunilaumu tu, na nilipika, nikavaa nguo nzuri, nikaosha kigoda. Alibisha hodi asubuhi. Nikafungua. Naona aibu kusema kilichofuata, lakini nikikificha nitakuwa nimewasimulia nusu. Nilirudi nyuma hatua mbili. Kovu lilikuwa kulia. Mchana mweupe, mlangoni kwangu, mwanaume niliyemlilia miaka minne, na macho yangu yaliniambia huyu siye, huyu amevaa uso wa mtu kinyume.

Alinisoma yote hayo. Alikuwa fundi, kuangalia kidogo kulimtosha.

"Bado unamtafuta yule mwingine," alisema. Hakusema kwa uchungu. Akanitakia heri, akaenda kuishi kwa dada yake mkubwa, mbali. Sijamwona tena.

Nikabaki na Kaka. Nilidhani tutapata amani. Lakini kila alasiri alifungua mlango, akakaa akitazama nje, na ikipita saa ile bila mtu, anapumua kama aliyekosa barua. Kisha maswali yakaanza. Nimefunga mlango? Nimekula? Mama alikuwa na pengo upande gani? Nilisema juu kushoto, yeye akasema chini kulia, kila mmoja akaapa, na picha hatuna. Jioni moja akaniuliza kwa utani, "Hivi wewe ni mdogo wangu kweli?" Tukacheka. Wiki iliyofuata akaniuliza tena, na hakucheka. Akaacha kunyoa. Alisema hawezi kumshikia wembe mtu ambaye yeye hana hakika naye. Viwembe vikafungiwa kwenye sanduku.

Wiki saba baadaye mvua ilinyesha alasiri. Nilikuwa chumba cha nyuma, napiga pasi. Nilipokwenda mbele kumpelekea chai, mlango ulikuwa wazi na Kaka hayupo.

Polisi walizunguka mtaa mzima. Fundi viatu alimwona Kaka akipanda kuelekea sokoni, ameshika mwavuli. Mama wa mboga alimwona akishuka kuelekea darajani, kichwa wazi. Mwingine alimwona amepanda gari jeupe. Watu watano, njia tano, na kila mmoja alisema kwa macho yangu haya. Watatu kati yao walikubaliana jambo moja tu, na hawakuwa wamekaa pamoja. Walisema hakuwa peke yake. Walisema alishikwa mkono, kwa upole, na mtu mrefu mwenye koti. Sikuwauliza mfuko ulikuwa upande gani. Niliogopa wangenijibu.

Askari akanigeukia, kalamu mkononi. "Na wewe, ulimwona akitoka?"

"Hapana," nikasema. "Nilikuwa ndani napiga pasi." Akaandika, nikatia sahihi.

Walipoondoka niliwasha taa ya chumba cha mbele nifagie. Kiti kilikuwa kimelowa. Sakafuni, pande zote za kiti, kulikuwa na nywele zilizotoka kukatwa, nyeusi tii, zimelowa. Kaka kichwa chake kilikuwa cheupe chote kwa mvi, na viwembe vilikuwa bado sandukuni, na kufuli lake nimelifunga mimi. Niliziokota kwa mkono, nikazitia kwenye mkebe.

Siku ya tatu, nikiwa napiga pasi, nikakumbuka kwamba nilipita mlango wa mbele. Nikakumbuka kutupa jicho nje. Kaka alikuwa katikati ya barabara, mvua inampiga, ameshikwa mkono. Aligeuka akanitazama, na hakuwa na huzuni. Namwona hata sasa ninapowasimulia. Ningeweza kuwaambia alivaa shati gani.

Mwaka mmoja umepita. Mkebe nimeuweka juu ya dirisha, mahali jua linapopiga kutwa. Kila nikianza kuwa na hakika, naufungua na kutia kidole ndani. Kinatoka kimelowa.